Dresden Files au Rivers of London: nianze na upi?

Zabibu Kavu (Area C)
Wakuu, habari za jioni. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa nashuka Dar kutoka Dodoma kila wiki kikazi kwa treni ya SGR, zaidi ya saa tatu kwenda na nyingine kurudi. Nataka riwaya za uchawi wa mjini, si za wafalme na mapanga. Nimebakiza mbili: The Dresden Files ya Jim Butcher, iliyoanza 2000, na Rivers of London ya Ben Aaronovitch, ya 2011. Hiyo ya kwanza hadi 2020 ilikuwa na vitabu 17, mpaka naogopa. Mliosoma zote, nisaidieni.

Mzee wa Nala
Dresden. Ila viwili vya mwanzo usivitumie kuihukumu, ni upelelezi wa kawaida tu: maiti, polisi, kodi ya nyumba haijalipwa. Cha tatu, Grave Peril, ndipo Harry Dresden, mchawi mpelelezi wa Chicago, anapowasha vita kati ya wanyonya damu na baraza la wachawi, na moto huo unawaka hadi cha 12, Changes (2010). Mle ndani deni halifutwi. Ahadi aliyoitoa ujanani inamdai akiwa mtu mzima.

Mama Kuku (Nkuhungu)
Mzee, uchawi gani? Yule ni mganga. Kajitangaza kwenye kitabu cha simu cha Chicago kama fundi bomba! Sisi matangazo yetu yako kwenye nguzo za umeme, mali iliyopotea na mvuto wa mapenzi. Yeye mali iliyopotea anatafuta, dawa ya mapenzi kaandika kabisa kwamba hatengenezi. Huku kwetu angelala njaa.
Kilichonichosha ni macho yake. Mwanamke akiingia tu, hujajua jina lake umeshajua umbo lake. Watu hutetea eti ni macho ya Harry, si ya mwandishi. Haya, lakini vitabu 17 niko ndani ya macho hayohayo!

Mzee wa Nala
Hapo umenibana, dada yangu. Na kati ya 2014 na 2020 tulikaa miaka sita bila riwaya mpya, halafu zikaja mbili mwaka mmoja, Peace Talks na Battle Ground. Ile ya kwanza inakatika kama umeme wakati wa mechi.

Fundi Redio
Mimi Rivers of London. Peter Grant ni konstebo wa London anayejifunza uchawi, mama yake katoka Sierra Leone na anafanya usafi maofisini. Mungu wa mto Thames ni mama wa Kinaijeria. Hivyo vyeo vya kifamilia na heshima kwa wakubwa unavielewa bila kuelezwa. Kama fundi nilipenda pia kwamba uchawi unageuza vichipu vya simu kuwa mchanga, na Peter anakaa kupima simu iwe umbali gani isiharibike. Kwa Dresden vyombo vinazima tu, jamaa anaoga maji baridi na kuwasha mishumaa, basi.
Ubaya: Peter akiona jengo la zamani, kesi inasimama upewe historia ya ujenzi. Na yule adui mwenye kinyago wanamkimbiza tangu kitabu cha pili hadi cha saba, Lies Sleeping (2018). Nilichoka kabla yao.

Mwana wa Makulu
Mmesahau Dead Beat, cha saba? Mifupa ya Sue, dinosaria Tyrannosaurus wa jumba la makumbusho la Field Museum, inafufuliwa na kupandwa mitaani Chicago, na ngoma isiposikika mnyama hatawaliki. Nikamuwaza mjusi wetu wa Tendaguru aliyeko Berlin. Apigiwe ngoma ya muheme ya Wagogo tu, atafika Lindi kwa miguu.

Zabibu Kavu (Area C)
Mjusi kanimaliza. Naanza na Grave Peril, hivyo viwili vya mwanzo nitavirudia nikinogewa. Peter atasubiri Harry akinichosha kwa macho yake. Mwana wa Makulu, hicho cha saba unacho cha karatasi? Jumamosi nakifuata.

Mwana wa Makulu
Ninacho, ila kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa.