Maji ya AC yanadondokea ekzosi, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina Noah ya abiria, naendesha hapa Kigoma mjini na Ujiji, mara mojamoja Kasulu. Shida ni maji ya AC, ule mpira wa kutolea maji umefupika sijui ulikatwa na nani kabla sijainunua, sasa matone yanatua moja kwa moja kwenye bomba la ekzosi karibu na masega (kile kifaa cha kusafisha moshi). Nikisimama stendi AC inawaka unasikia tsss tsss halafu kamvuke kanapanda mlangoni, abiria wanaanza kuniuliza dereva gari inaungua? Na huku kwetu ziwani joto lina unyevu, maji yanatoka mengi kweli.

Nimehakikisha siyo kulenti (maji ya kupozea injini), maji ni meupe, hayana harufu na rejeta haipungui. Fundi mmoja akaunga kipande cha mpira wa kawaida, ukalainika kwa moto ukajikunja, maji yakakosa pa kutokea yakarudi ndani, kapeti ya upande wa abiria ikalowa chapa na sasa inanuka uvundo. Nimeutoa. Mwingine anasema niachane nayo eti magari yote yanadondosha, sawa yanadondosha, lakini si juu ya ekzosi jamani.

Naomba kujua, mpira gani unahimili moto, ule wa hita au wa silikoni, na niupitishie wapi usije kujikunja tena? Na pia haya matone kwenye chuma cha moto yanaweza kupasua masega au ni kutu tu?