Tupeane uzoefu: wenye watoto wanaosoma Marekani, mtoto akitaka kutoka darasani kupinga mauaji ya bunduki unamwambiaje?

Mama Wawili (Columbus, Ohio)
Habari za humu ndani, wakubwa shikamooni. Naomba tupeane uzoefu hasa wazazi wa diaspora, maana nikimuuliza mtu wa nyumbani ananiambia mrudishe mtoto Moshi yaishe. Binti yangu yuko hai skuli, wana kikundi chao wanataka kutoka darasani wasimame uwanjani kupinga mauaji ya bunduki mashuleni na mtaani, na yeye ndo kapewa kusoma hotuba. Baba yake kakataa katakata, anasema sisi wageni, makaratasi yetu bado yako uhamiaji, kelele tuwaachie wenye nchi yao. Mimi niko katikati. Mtoto kaniambia "mama, tangu chekechea nafundishwa kujificha kwenye kona ya darasa, hakuna mtu hapa nyumbani alishaniuliza naogopa au siogopi". Nilikosa jibu. Lile zoezi la lokidauni nalijua, taa zinazimwa, mlango unafungwa, watoto wanakaa kimya mpaka waambiwe basi, ila nilikuwa nalichukulia kama lile la moto tu. Mliopitia ilikuwaje? Shule iliwafanya nini? Na vijana wenyewe mje. Stori za kweli jamani, siasa za vyama pelekeni kwingine.

Baba Mapacha (Nashville)
Dada pole. Sisi ilitukuta 2023. Tarehe 27 Machi mtu aliingia shule ya Covenant hapa Nashville akaua watoto watatu wa miaka tisa na watu wazima watatu. Wanangu wanasoma kwingine kabisa, ila ile meseji ilipoingia niko kazini nilisahau hata shule yao inaitwaje, nakwambia kweli. Wiki iliyofuata wanafunzi wakatoka madarasani kwa maelfu wakaenda mpaka bunge la jimbo, na wangu wakanipigia simu WAKIWA WAMESHAFIKA. Nilifura. Nilikuwa na maneno yote ya baba yako ona tulivyohangaika kuja huku nk. Jioni nawasha tv naona wabunge wawili vijana weusi, Justin Jones na Justin Pearson, wanaitiwa kesi ya kufukuzwa kwa vile walisimama ndani ya ukumbi na kipaza sauti kuwaunga mkono wale watoto. Tarehe 6 Aprili wakafukuzwa kweli. Mama wa kizungu aliyesimama nao akapona kwa kura moja. Haikupita wiki wote wawili wakarudishwa na madiwani wa kwao. Wanangu wananielezea haya yote mezani na mimi hilo jengo la bunge nalipita kila siku naenda kazini sijui hata wanafanya nini mle. Shuleni waliandikiwa utoro wa siku moja basi. Sheria waliyokuwa wanaitaka, ile ya kumnyang'anya bunduki mtu aliyeonekana hatari, hawakuipata, hilo nisikufiche.

Mutoto wa Fizi (Louisville)
Mama, miye naelewa bwana yako. Nilitoka Fizi kule Congo, nikakaa mu kambi ya bakimbizi ya Nyarugusu myaka mingi mbele ya kuletwa Amerika. Kwetu bunduki tulikuwa tunajua mpaka sauti yake, unasikia unajua ni ba nani banakuja na uko na dakika ngapi ya kubeba batoto. Sasa kijana yangu alirudi ku shule siku moja anasema leo balitufundisha kunyamaza kama mutu mubaya anakuja. Nilikaa chini nikalia, juu hiyo kunyamaza ndiyo nilimufundishaka dada yake mukubwa mu pori. Nilifikiri tuliiacha kule. Alipoomba kwenda kusema mbele ya batu nilikatala. Pasta wetu ndiye alimutetea, alisema kanisa imeomba, acha na batoto baseme, hakuna kosa mu hiyo. Akaenda. Na hakuongea juu ya shule hata, aliongea juu ya kaka ya rafiki yake, balimuua mu parkingi ya apatimenti saa mbili ya usiku, na hakuna televisheni ilikuya. Batu balikuwa kimya sana. Miye nilikuwa nyuma kabisa na kitenge yangu sielewi Kingereza yote lakini ile nilielewa.

Nesi wa Usiku (Houston)
Naunga mkono huyo kijana wa Louisville. Mashambulizi ya mashuleni ndo yanapata kamera, lakini watoto wengi wanaokufa kwa risasi nchi hii wanafia nyumbani na mtaani. Tangu 2020 bunduki ndo inaongoza kuua watoto na vijana huku, imepita ajali za gari. Na kuna lile tusilolisema kwenye jamii yetu, la kijana kujipiga mwenyewe. Nimeshalishuhudia, sitaandika zaidi. Kwa aliye na mtoto aliyejifungia ndani na hasemi, namba ya msaada ni 988, kupiga au kutuma meseji, usiku wowote.

Mpemba wa Florida
Asalaam aleikum. Mimi niko kaunti moja na mji wa Parkland, mwanangu wakati ule yuko shule ya jirani. Tarehe 14 Februari 2018, siku ya wapendanao, kijana wa miaka 19 aliyewahi kusoma pale Marjory Stoneman Douglas karudi na bunduki kaua watu 17, wanafunzi 14 na wafanyakazi watatu. Watu wazima tukafanya lile tunalolijua, dua, maua, pole. Watoto wakakataa. Siku tatu tu baadae yule mwanafunzi mwenye kipara, X González, kasimama kwenye mkutano Fort Lauderdale kawaambia wanasiasa maneno ambayo kwetu Pemba mtoto angekula bakora. Mwezi mmoja kamili baada ya tukio, 14 Machi saa nne asubuhi, wanafunzi nchi nzima wakatoka nje dakika 17, moja kwa kila roho. Mwanangu alitoka. Mimi nikampeleka na maji ya kunywa, nimejifanya nimepita tu.

Halafu tukaenda Washington tarehe 24 Machi, basi lilikodiwa na wazazi. Watu hawahesabiki. X akapanda jukwaani akataja majina yote, kisha akanyamaza. Kimya. Watu hawajui wapige makofi au vipi, wengine wakaanza kulia, mpaka ikatimia dakika sita na sekunde ishirini tangu apande, muda uliotumika kuua wale 17. Lakini aliyenikaa mimi moyoni ni kitoto cha miaka 11, Naomi Wadler wa Virginia, kasema amekuja kwa ajili ya wasichana weusi wanaouawa bila kuandikwa ukurasa wa mbele. Shuleni kwao walitoka dakika 18 badala ya 17, ya kumi na nane ni ya Courtlin Arrington, binti aliyepigwa risasi shuleni kwao Birmingham Alabama wiki hiyo ya kabla.

Mnaouliza walipata nini. Wiki tatu na siku kadhaa baada ya msiba, gavana Rick Scott, mtu wa bunduki huyo, NRA, kile chama cha kutetea bunduki, wamempa alama za juu kabisa, alisaini sheria Florida: kununua bunduki mpaka miaka 21 badala ya 18, kusubiri siku tatu, na mahakama kuweza kumnyang'anya silaha mtu hatari. Miaka yote bunge lile lilikuwa halijagusa kitu. Maduka ya Dick's yakaacha kuuza zile za kivita, Walmart wakapandisha umri hadi 21. Kwa hiyo msiniambie kelele za watoto hazina maana.

Dereva wa Texas
Naomba nipingane kwa heshima. Mimi nina bastola mbili na sioni aibu, naendesha lori usiku majimbo ambayo polisi yuko saa nzima mbali nawe. Mtoto wa miaka 15 kuniambia mimi niuze silaha yangu, hapana. Na hizo sheria zote, ile ya shule ya Uvalde hapa Texas haikutokea? Watoto 19 na walimu wawili waliuawa, Mei 2022, polisi wamejaa kwenye korido zaidi ya saa nzima. Nani aandamane dhidi ya hilo?

Ila sehemu moja nakubaliana na vijana. Wazazi. Angalieni Oxford, Michigan, Novemba 2021. Baba kamnunulia bastola mtoto wa miaka 15 siku nne kabla, shule imewaita wazazi asubuhi ile ile kwa vile mtoto kachora michoro ya kutisha, wakakataa kumchukua, mchana kaua wenzake wanne. Baba na mama wote wako jela, miaka 10 mpaka 15 kila mmoja. Hapo hamna cha uhuru wala nini. Zangu zimo kwenye sefu na risasi ziko sefu nyingine, mke wangu ananicheka.

Binti wa Chicago
Shikamooni wote. Nimezaliwa huku, Kiswahili changu cha kuunga unga mnivumilie. Niko chuo sasa ila hai skuli nilikuwa kwenye kamati ya kutoka darasani baada ya hiyo Uvalde. Baba (Dereva), hatukusema uuze. Tulisema ufunge, na wewe umeshafunga, kwa hiyo uko upande wetu tu hujui 😅

Mama Wawili, mambo ya kujua. Kuna kesi ya 1969 ya wanafunzi wa Iowa waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema mwanafunzi haachi haki yake ya kusema getini. Shule inaweza kukuadhibu kwa kukosa kipindi, lakini isikupe adhabu kubwa kuliko mtoro mwingine kwa sababu tu ya ulichosema. Na haki hiyo haiulizi uraia. Hapo hapo niseme, kwa familia ambazo makaratasi hayajakaa sawa, baba ana hoja: mtoto asikae barabarani, asiguse kitu kinacholeta kukamatwa, abaki eneo la shule na wenzake. Kuna rafiki yangu mama yake alimruhusu kuandika hotuba lakini isomwe na mwingine. Ilikuwa hotuba bora kuliko zote siku ile na sisi wote tulijua ni ya nani.

Chicago hatukungoja Parkland watufundishe. Hadiya Pendleton aliuawa Januari 2013, ana miaka 15, amejikinga mvua na wenzake kwenye paki, wiki moja baada ya kucheza na bendi ya shule kwenye sherehe za kuapishwa Obama. Marafiki zake ndo waliochagua rangi ya chungwa, ile wawindaji wanavaa porini ili wasipigwe risasi kwa bahati mbaya. Sasa kila Juni nchi nzima inavaa, na wengi hawajui ilianza na watoto wa Saut Saidi, upande wa kusini wa Chicago. Hata wale wa Parkland walipokuja kukutana na wenzetu huku walisema wazi kwamba wao wanasikilizwa haraka kwa sababu ya walikotoka.

Msee wa Eldoret
Wasee wa majuu poleni, lakini msidhani sisi tuko salama. Mimi 2015 nilikuwa kampasi ingine wakati Al-Shabaab waliingia Garissa University tarehe 2 Aprili wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Hiyo wiki iliyofuata wanafunzi waliandamana Nairobi kuuliza mbona polisi wa kuokoa walichukua muda mrefu hivyo kufika, na watu mtandaoni wakaanza kutaja majina ya waliokufa mmoja mmoja juu serikali ilikuwa inatoa namba tu. Mimi nilitembea hiyo maandamano na mathe hakujua mpaka leo.

Halafu kuhusu hayo mazoezi ya kujificha, muwe makini sana. Siku kumi tu baada ya Garissa transfoma ililipuka kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi usiku, watu wakadhani ni shambulizi, wakaruka kutoka ghorofani, mwanafunzi mmoja akafa na zaidi ya mia wakaumia. Mwezi wa kumi na moja chuo cha Strathmore, Nairobi, wakafanya zoezi la usalama na milio ya risasi na wengi hawakuwa wameambiwa, watu wakaruka madirisha, mfanyakazi mmoja akafariki. Zoezi! Mtoto akikwambia drili inamtisha usimwambie ni ya kuigiza tu.

Kijana wa Mabibo
Bongo pia. Siku mbili tu baada ya hiyo ya Florida, 16 Februari 2018, Akwilina Akwilini wa Chuo cha Usafirishaji alipigwa risasi akiwa kakaa ndani ya daladala Kinondoni, polisi walikuwa wanatawanya maandamano ya Chadema yeye hata hayamhusu. Sisi chuo kwetu tuliongea kwa status za WhatsApp na kwa sauti ya chini, nadhani mnajua kwa nini. Kwa hiyo mama, mwanao akipewa kipaza sauti na mkuu wa shule kasimama pembeni anasikiliza, mimi naona ni bahati ambayo sisi hatukupewa.

Mama Wawili (Columbus, Ohio)
Nimesoma zote, nyingine mara mbili, nimemsomea na baba yake hiyo ya Louisville, kanyamaza hajasema ndiyo hajasema hapana. Swali dogo kwa Binti: baada ya siku yenyewe mlifanya nini? Maana naogopa wapige picha, waweke mtandaoni, iishie hapo.

Binti wa Chicago
Tulienda kikao cha bodi ya shule mama, kile cha wazi cha kila mwezi, unajiandikisha unapewa dakika chache. Tulienda wachache tu. Tuliomba jambo moja dogo, barua kwa kila mzazi mwanzo wa mwaka, kwa lugha zote za shule, kumkumbusha kufungia silaha. Mara ya kwanza walitushukuru wakaendelea na ajenda ya paa la jimu. Tukarudi kikao kilichofuata, na kingine. Barua ikatoka. Ya Kiswahili niliitafsiri mimi, mama yangu akanisahihisha karibu kila mstari.

Mutoto wa Fizi (Louisville)
Hiyo kufuli ya bunduki banauzaka wapi? Kuna mutu mu kanisa yetu aliuza gari akanunua bunduki, iko chini ya matela na ako na batoto bane.

Dereva wa Texas
Kaka, usinunue kwanza. Piga ofisi ya polisi ya hapo kwenu uwaulize, ofisi nyingi wanatoa bure na hawakuulizi jina. Ni ya waya, unatoa risasi zote, unapitisha waya pale risasi inapoingilia, unafunga, haiwezi kufyatuka. Nyingi ni za funguo, funguo atembee nazo, asiziweke juu ya kabati, watoto wote duniani wanajua juu ya kabati. Na akipata sefu ya namba mwambie asiweke tarehe ya kuzaliwa ya huyo mtoto.