Mrejesho: programu ya mishahara sasa inafunguka kwa wahasibu tu
Wakuu, narudi na mrejesho. Swali lilikuwa: seva moja ya Windows, wafanyakazi 9 wanaingia kwa mbali kwa Remote Desktop, 7 kati yao wasifungue programu ya mishahara. Kuwafutia shotikati hakukusaidia kitu. Anayejua njia ya faili anaiandika na programu inafunguka.

Dawa ni kundi la watumiaji lenye ruhusa yake. Nimeunda kundi la Mishahara lenye wahasibu 2, kisha kwenye folda ya programu: Properties, Security, Advanced, Disable inheritance (folda iache kurithi ruhusa za folda iliyo juu yake). Hapo chagua Convert (ruhusa zilizopo zibaki, ila ziwe za folda yenyewe), ndipo uondoe Users (kundi la watumiaji wote wa seva), na Everyone ikiwapo, na kuliongeza kundi lako kwa ruhusa ya Modify (kusoma, kuendesha na kubadilisha). SYSTEM (Windows yenyewe) na Administrators waache, bekapu isije ikakwama. Aliyeshauri Deny (kukataza) kwa Users, hapana: Deny inaishinda Allow (kuruhusu), na wahasibu nao wamo humo humo.

Kilichosumbua ni mhasibu mmoja kuendelea kukataliwa. Kumbe alikuwa akifunga dirisha kwa alama ya X, ambayo inakata muunganisho tu. Sesheni inabaki hai na ruhusa za zamani. Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika quser (orodha ya sesheni), soma namba ya sesheni yake, tuseme 3, halafu andika logoff 3 kuifunga. Akiingia upya, kundi linasomeka.