Michango ya kazini: mkubwa wa kazi azuiwe kuchangisha walio chini yake?

Mwanzisha mada, Tudor

Wenzangu, hoja ni hii. Hapa Mombasa, kwenye magodauni ya Shimanzi, hoteli za Nyali na Bamburi, ofisi za Moi Avenue, mwezi hauishi bila mchango: msiba, bili ya hospitali, makao ya watoto, futari ya Ramadhani. Anayechangisha mara nyingi ni supavaiza au meneja, na orodha ya majina na kiasi hubandikwa kwenye grupu la WhatsApp, asiyetoa akiwekewa kistari mbele ya jina. Wako wasemao wakubwa wa kazi wapigwe marufuku kuchangisha. Wako wasemao huko ni kuua utu. Nyinyi mwaonaje? Naomba tuzungumze kwa sheria na hesabu, visa vya fulani na fulani tuviache.

Mhasibu wa mishahara

Nianze na pesa inayokatwa kwenye mshahara, maana hapo sheria imenyooka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mchango wa namna hii kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mfanyakazi mwenyewe awe ameomba kwa maandishi, na mwajiri asiwe na maslahi yoyote katika pesa hiyo, ya moja kwa moja au ya mzunguko. Ilani ya "asiyetaka aseme kabla ya Ijumaa" si ombi la mfanyakazi. Kunyamaza si kutia sahihi.

Fomu iliyo sawa ina jina na nambari ya kazi, kiasi, pesa inakokwenda, mwezi wa kuanza, mwezi wa kukoma, na sahihi. Kinachosahaulika ni mwezi wa kukoma. Mchango wa msiba wa Machi waweza kukatwa hadi Desemba kwa kuwa hakuna aliyeagizwa kuufunga kwenye programu ya mishahara. Ukitaka kuusitisha, peleka barua mapema, kabla hesabu ya mwezi haijafungwa, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Halafu hii "mia tano tu" tuipigie hesabu. Kwa viwango vya 2025, mwenye mshahara wa 30,000 hukatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 1,800, SHIF (bima ya afya) 825, ada ya nyumba 450, na PAYE (kodi ya mapato) yapata 731. Anabaki na 26,194, mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo) haujaguswa. Michango mitatu ya mia tano kwa mwezi mmoja ni 1,500, yaani zaidi ya PAYE na ada ya nyumba zikijumlishwa.

Mweka hazina wa welfare, Changamwe

Mhasibu asema kweli, lakini dawa yake si marufuku. Ukiondoa mchango, mwenzako akifiwa saa tatu asubuhi atakimbilia wapi? Kwa mkopeshaji wa riba.

Orodha ya kuzungushwa ndiyo mbaya, kwa sababu haina kiwango wala mwisho. Welfare, yaani mfuko wa wafanyakazi wa kusaidiana wenye katiba yake, ina vyote viwili. Watu 40 wakitoa 200 kila mwezi ni 8,000, kwa mwaka 96,000. Msiba wa mzazi, mke, mume au mtoto ukilipwa 20,000, mfuko unabeba misiba minne na kubakisha 16,000. Wa tano akija, pana pengo la 4,000, na hapo ndipo welfare nyingi hufa, kwa kuwa viongozi hurudi kuzungusha orodha. Afadhali mwaka wa kwanza mlipe 15,000: misiba sita ni 90,000, na pengo hamna.

Yako mambo ya hapa kwetu ambayo katiba za kunakiliwa kutoka kwingine haziyajui. Maziko ya Kiislamu ni siku ile ile. Pesa ya sanda na kaburi yatakikana kabla ya Adhuhuri au Alasiri, na kikao cha kamati cha keshokutwa hakimsaidii mtu. Mwenzetu anayesafirisha maiti Kisumu ana mochari, jeneza, na gari la zaidi ya kilomita 800, lakini ana siku kadhaa za kujipanga. Kwa hiyo katiba iseme nusu ya pesa itoke ndani ya saa tatu kwa idhini ya wanakamati wawili kati ya watatu, na nusu ya pili baada ya kibali cha maziko kuonekana. Wategemezi nao waandikwe majina siku ya kujiunga. Mke wa pili ambaye hakuandikwa ameshavunja welfare nyingi kuliko wizi.

Mwakilishi wa wafanyakazi, Shimanzi

Ndugu mweka hazina, hesabu zako nzuri, lakini swali umelikwepa. Fomu ya welfare hupewa mfanyakazi mpya siku moja na mkataba wa kazi, juu ya meza moja, na mtu yule yule. Nani atakataa? Kibarua ambaye kesho asubuhi anasimama getini kusubiri aitwe, naye aliyekuja kumchangisha jana ndiye aitaye majina, huyo hana hiari hata ukimwandikia neno "hiari" kwa wino mwekundu. Hotelini ni vivyo hivyo: kuanzia Aprili wageni wakipungua, supavaiza ndiye anayependekeza nani abaki na nani aende likizo bila malipo.

Serikali yenyewe iliuona ubaya huu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza afisa kufanya ofisi yake uwanja wa harambee, au kutumia cheo kumbana mtu atoe. Kwa nini karani wa serikali alindwe na mpakiaji mizigo asilindwe?

Msimamo wangu ni kwamba yeyote anayetia sahihi likizo, ovataimu au kuongezwa kwa mkataba asichangishe, asipokee pesa, asiione orodha. Pesa ikitumwa kwa M-PESA hadi simu ya supavaiza, jina la kila mtumaji linatokea kwake. Hata orodha isipobandikwa, ameshajua.

Ustadhi, Mji wa Kale

Naongeza upande wa dini, maana hutajwa sana wakati wa kuchangisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Kinachotolewa kwa haya mbele ya bosi, ridhaa yake ina shaka. Al-Baqara aya ya 271 yasema kudhihirisha sadaka ni vizuri, lakini kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Wenzetu Wakristo nao wana Mathayo 6:3, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia.

Jambo la pili lina hatari zaidi. Kila Ramadhani husikika wachangishaji wakisema, "hesabu hii kuwa zaka yako." Hapana. Zaka ya pesa ni asilimia 2.5 ya iliyofika nisabu (kiwango cha chini kinachoifanya zaka iwe wajibu) na kutimiza mwaka wa Kiislamu, inataka nia, na wanaoipokea ni makundi manane yaliyotajwa katika At-Tawba aya ya 60. Fulana za mbio za hisani hazimo. Asiyefikisha nisabu hana zaka ya kudaiwa, na asitishwe nayo.

Mweka hazina wa welfare, Changamwe

Shekhe, siri kamili nayo ina ubaya wake. Mfuko usio na orodha huliwa.

Mhasibu wa mishahara

Tenganisheni vitu viwili. Jumla iwe wazi, majina yafichwe. Tangazo liseme: "Wametoa watu 31, jumla 12,400, imelipwa hospitali, risiti hii hapa." Anayeshika majina ni mweka hazina na mkaguzi mmoja ambaye si mkubwa wa mtu yeyote. Bili ya hospitali ilipwe kwa nambari ya paybill ya hospitali (ya kupokelea malipo ya simu), kwa nambari ya mgonjwa, isipitie mfukoni mwa mtu. Na picha ya bili yenye jina la ugonjwa isirushwe kwenye grupu: kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa kuulizwa kwanza.

Bado sijagusa hisani za kampuni. Wafanyakazi wanakatwa, hundi kubwa inapigwa picha, jina ni la kampuni. Rudi kwenye kifungu cha 19: kampuni ikiiandika pesa hiyo kuwa mchango wake ili ipunguze kodi, kwa maoni yangu imeshajipatia maslahi, na yale makato yamekosa mguu wa kusimamia. Risiti iseme "mchango wa wafanyakazi". Kampuni ikitaka sifa, iongeze shilingi yake juu ya kila shilingi ya mfanyakazi.

Afisa wa ustawi wa wafanyakazi, Nyali

Huku tukingoja kanuni, mtu afanyeje kesho orodha ikimfikia? Kwanza, asitoe ahadi. Ahadi huandikwa kama deni, na ahadi ya 1,000 isiyolipwa hutangazwa kuliko kutotoa kabisa. Pili, aseme mapema, kwa anayekusanya, faraghani, kwa sentensi moja: "Safari hii mnisamehe, sitaweza." Asieleze karo wala mkopo, kila sababu ukiitaja hupata mtu wa kuijibu. Tatu, ajiwekee bajeti ya mwezi, tuseme 300, ikiisha imeisha. Kutuma shilingi 100 au chini yake kwa M-PESA hakuna ada, na 100 ya moyo ni mchango. Tena kwa msiba, kufika matangani na kushika sufuria huonekana kuliko jina kwenye orodha. Hilo pwani twalijua sana, tumelisahau tangu pesa zianze kutumwa kwa simu.

Mwakilishi wa wafanyakazi, Shimanzi

Hayo yamsaidia mtu mmoja mmoja. Mimi nataka yaandikwe kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, hivi: "Msimamizi hatachangisha, hatapokea wala hatasimamia mchango wowote wa wafanyakazi walio chini yake, na kutotoa hakutatajwa katika tathmini ya kazi."

Mweka hazina wa welfare, Changamwe

Nakubali yote isipokuwa neno "hatapokea". Zamu ya usiku bandarini, mtu akifiwa saa nane, supavaiza huenda ndiye pekee mwenye salio na gari. Andika "hatapokea isipokuwa kwa dharura, na ataikabidhi kamati ndani ya saa 24".

Mwakilishi wa wafanyakazi, Shimanzi

Atoe yake, dada, na gari aliwashe. Ya wengine isubiri asubuhi. Ukiweka "isipokuwa kwa dharura", kila mchango utakuwa wa dharura.