Nyumba yetu ni ya ugali na nataka kupunguza wanga. Nianzie wapi?

DadaWaUmoja
Wadau hamjambo. Naombeni ushauri wenu. Nina kilo 94, urefu wangu ni sentimita 162, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti asubuhi hadi jioni huko Industrial Area. Tunaishi ghorofa ya nne, na siku hizi nikifika ya pili lazima nisimame nivute pumzi. Kliniki wamenianzishia dawa za presha, losartan pamoja na ile ya kukojoza maji. Daktari alisema uzito ukishuka huenda presha nayo ikatulia.

Mdogo wangu amenishauri nipunguze wanga. Nimesoma mengi, lakini kila nikifungua naona unga wa lozi, jibini, salmoni, mafuta ya nazi. Mshahara wangu haufiki huko. Halafu mume wangu ni mtu wa Kakamega, na kwake asipokula ugali hajala. Siwezi kupika sufuria mbili kila jioni nikitoka kwenye msongamano wa Jogoo Road.

Kawaida yangu ni hii: asubuhi chai ya maziwa vikombe viwili, sukari vijiko vitatu kila kikombe, na mandazi mawili ama mkate. Saa saba niko kibandani, mara nyingi wali maharagwe, siku nyingine chapati ndengu. Usiku ugali sukuma, nyama ikiwepo. Jumapili chapati. Pombe situmii, lakini soda ya mchana hainipiti.

Nikate vyote kwa mpigo ama polepole? Na hizi dawa hazitanisumbua?

MpishiWaSouthB
Karibu dada. Sufuria mbili za nini? Songa ugali wa familia kama kawaida, kitakachobadilika ni sahani yako peke yake. Nina hakika sasa hivi ugali umejaa nusu ya sahani na sukuma iko pembeni ya kuteremshia tu. Geuza mambo. Sukuma ichukue nusu nzima, nyama ama mayai ama samaki robo, na ugali uwe kipande kisichozidi ngumi yako. Ukishazoea, kipunguze tena.

Ujue pia unapambana na nini. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga karibu gramu 75, kwa hivyo pakiti ya kilo 2 ni kama kilo moja na nusu ya wanga mtupu. Mchele kabla haujapikwa unakaribia gramu 80. Kuna watu watakwambia uhamie ugali wa wimbi halafu ule utakavyo. Wimbi ni nzuri, ina nyuzinyuzi zaidi, lakini wanga wake haupishani sana na wa mahindi. Kipimo ni kile kile cha ngumi.

Wengi hushindwa kwa sababu mboga zao hazina ladha, na hakuna mtu atakula nusu sahani ya sukuma iliyolowa maji. Kata nyembamba, kaanga kitunguu hadi kigeuke rangi, tia nyanya ziive, kisha sukuma dakika tatu nne, ipua ikiwa bado kijani. Managu chemsha, mwaga maji ya kwanza kama ni machungu, tia maziwa ama malai na uyaache yalale. Omena ndiyo nyama yako ya bei nafuu: zichague, zioshe kwa maji moto mpaka mchanga uishe, zikaushe kabisa, zikaange kwenye mafuta yaliyochemka mpaka ziwe kavu za kuvunjika. Hapo ndipo kitunguu na nyanya huingia, na ndimu mwisho kabisa. Ukiharakisha nyanya, omena zinakuwa rojo na harufu haitoki nyumbani.

KetoWaRongai
Mimi nina maoni tofauti na Mpishi. Ngumi ya ugali inakuamsha hamu kila siku. Kata moja kwa moja: ugali, wali, chapati, waru, nduma, ndizi, sukari, vyote. Kaa chini ya gramu 30 za wanga kwa siku. Siku za kwanza kichwa kitakuuma na utajisikia mchovu, choo pia kinaweza kuwa kigumu. Kunywa maji mengi, tia chumvi nusu kijiko kwenye glasi asubuhi, supu ya mifupa jioni. Hiyo hali ikipita, njaa inapungua sana na unaacha kuwaza chakula kila saa. Kwangu hili ndilo lililofanya kazi baada ya mengine yote kushindikana, na ningependa na wewe upate nafuu hiyo.

MuuguziMstaafu
KetoWaRongai, najua nia yako ni njema, lakini huyu dada ametuambia anatumia dawa za presha. Ushauri wa glasi ya maji ya chumvi usimguse kabisa mpaka daktari wake aseme.

Dada, nisikilize kwa makini. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu tatu za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yanatoka kwa mkojo pamoja na chumvi. Ndiyo maana watu hufurahia mizani wiki ya kwanza. Kilo nyingi zinazoshuka hapo ni maji, mafuta huja polepole baadaye. Sasa wewe tayari unameza dawa ya kukojoza maji. Ukiunganisha hivyo viwili, presha inaweza kushuka kupita kiasi. Ukiinuka kitandani unaona kizunguzungu, macho yanaingia giza, unaweza hata kuanguka kwenye ngazi hizo za ghorofa nne.

Kwa hivyo anza na njia ya Mpishi, polepole, na kabla hujaanza rudi kliniki uwaambie unachotaka kufanya. Wanaweza kukupunguzia dozi kadiri uzito unavyoshuka. Usiache dawa wewe mwenyewe. Presha ipimwe kila wiki, hata kwenye kemisti ya mtaani, na uandike namba kwenye daftari. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: ile chumvi mbadala yenye potasiamu usiinunue. Losartan nayo hupandisha potasiamu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo.

Na kwa wengine mnaosoma: mtu wa sukari anayedungwa insulini ama anayemeza glibenclamide akikata wanga bila kurekebishiwa dozi, sukari inaweza kushuka hadi azirai. Anayetumia dapagliflozin ama empagliflozin, nazo ni dawa za sukari, asijaribu keto (kukata karibu wanga wote) bila daktari, kwa sababu damu yake inaweza kujaa asidi hata sukari ikisoma sawa. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye shida ya figo, nanyi ongeeni na daktari kwanza.

KetoWaRongai
Asante mama. Dada, chukua la muuguzi. Maji ya chumvi ni kwa mtu asiye na presha na asiye kwenye dawa.

MwanafunziWaLishe
Swali la kama kupunguza wanga kunashinda kupunguza mafuta limewahi kupimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga. Waliopunguza wanga walishuka wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, na tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa ushindi. Kinachonigusa mimi ni kwamba makundi yote mawili yaliambiwa jambo moja: mboga kwa wingi, sukari na unga uliokobolewa viondoke.

Kwa hivyo dada, usijitese ukidhani kipande cha ugali kimeharibu kila kitu. Chagua kiwango utakachoweza kukaa nacho mwaka ujao ukiwa bado Umoja, bado na mume huyo huyo na foleni hiyo hiyo. Wataalamu wengi huita mlo wa wanga kidogo ule usiofika gramu 130 kwa siku. Chini ya 50 ndiyo keto, na huhitaji kufika huko ili upungue.

Mimi ningeanza na vinywaji. Kijiko cha sukari ni kama gramu 4. Vikombe viwili kwa vijiko vitatu ni gramu 24 kabla hujagusa mandazi. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50. Ukiondoa hivyo tu, hujabadilisha sufuria wala hujagombana na mtu.

DadaWaUmoja
Asanteni sana, nimeyasoma yote mara mbili. Mama muuguzi, Mungu akubariki, hilo la chumvi mbadala nilikuwa karibu kulinunua kwa nia njema. Soda naiacha leo. Chai bila sukari ndiyo inanitisha. Na kibandani je? Pale wali maharagwe unakuja umeshapakuliwa.

MamaMbogaMuthurwa
Sukari punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea. Chemsha tangawizi, iliki na mdalasini na majani, chai inakuwa na nguvu yake yenyewe. Sema usiongeze maziwa kufidia sukari, maana kikombe kizima cha maziwa matupu kina kama gramu 12 za sukari yake ya asili.

Ukija sokoni, kabeji ndiyo mkombozi wa mwenye familia. Ikate nyembamba kama nywele, ikaange na kitunguu, karoti kidogo na dhania, na uile mahali pa wali. Koliflawa ni nzuri pia lakini kabeji moja inalisha nyumba nzima. Avokado zikiwa msimu chukua ngumu za kuivia nyumbani, nusu moja kwa chakula. Biringanya, mchicha, kunde, terere, vyote ni vyako. Waru, nduma, viazi vitamu, mahindi ya kuchoma na ndizi, hesabu pamoja na ugali. Wateja wangu wengi huniambia wamekula mboga kumbe wamekula waru wa kukaanga.

WaKibandani_Lusaka_Road
Mimi napika kibanda, nakujibu kutoka upande wa jikoni. Fika kabla ya saa saba, wakati hatujaanza kupakua kwa wingi. Sema "nipe maharagwe na mboga mbili, wali usiweke" ama "nyama fry, kabeji na kachumbari". Hatukasiriki, tutakutoza mboga ya ziada tu. Siku huna pesa, mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari ni chakula. Smoki na soseji zina chumvi nyingi, kwa presha yako zipite. Na mchuzi wetu huwa tunatia chumvi ya watu wote, kwa hivyo chukua kidogo.

BintiWaButere
Dada, kuhusu mzee, nami nimeolewa na mtu wa nyumbani. Usimtangazie kwamba ugali umekuwa adui, atahisi umekataa chakula chake. Weka ugali katikati ya meza kama kawaida, kipande cha kwanza umkatie yeye, kisha ukate kipande chako kidogo na ujaze mrenda, likhubi (majani ya kunde) na kuku. Mkienda ushago usibebe chakula chako. Kula kidogo pale mama mkwe anapokuona, shukuru, ongeza mboga. Kule mboga ni nyingi kuliko Nairobi, utafurahi.

DadaWaUmoja
BintiWaButere umenitoa mzigo mkubwa. Swali la mwisho: githeri. Watoto wanaipenda na huwa napika sufuria ya siku mbili.

MpishiWaSouthB
Chemsha maharagwe na mahindi kila moja kando, uchanganye wakati wa kukaanga. Yako toa kabla hujachanganya: maharagwe vijiko vikubwa vinne, mahindi kijiko kimoja cha ladha, na kabeji ama terere kwa wingi. Maharagwe yaliyoiva yana wanga kama gramu 22 kwa kila gramu 100, ila sehemu nzuri ya wanga huo ni nyuzinyuzi na kuna protini humo, kwa hivyo yanakaa tumboni. Usiyaache, yapime tu.

MuuguziMstaafu
Na ukienda kliniki beba pakiti za dawa zako zote na hilo daftari, uombe wakupime figo na potasiamu kabla hujaanza. Pima kiuno pia kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya kitovu, kila mwezi. Kuna wiki mizani itakataa kusonga na sketi iwe inalegea. Turudishie majibu hapa ukishaonana na daktari, tukusaidie kupanga wiki ya kwanza.

DadaWaUmoja
Naenda Jumatatu asubuhi kabla ya kazi. Nitawaandikia jioni.