Kulala na gari ufukweni Tanga bila kulipia, inawezekana?

Wakuu habari, Haisi yangu nimeifunga kitanda, jiko la gesi, tenki la maji na choo cha kubeba, nataka kushuka Tanga mpaka Pangani na familia. Wapi naweza kupaki usiku bure karibu na bahari?

Mzee wa Raskazone:
Kigombe, njia ya Pangani. Ila usijifiche vichakani kama mwizi, ingia mapema umwone mwenyekiti wa kijiji, msalimie, akikubali hata wavuvi watakulindia gari na asubuhi unapata samaki mbichi. Saadani usiingie kichwakichwa, ile ni hifadhi ya taifa, kulala mnalipia.

Mama Chumbageni:
Na mjihadhari na bamvua jamani, yale maji ya bahari yakijaa sana! Sisi tulipaki mchangani maji yakiwa yamekupwa, saa tisa usiku nasikia chubwi chubwi chini ya tairi, mume wangu kakurupuka na msuli tu, gari limeshazama hadi rimu. Angalia mstari wa mwani mkavu, paki juu yake. Choo mkamwage chooni, sio mikokoni.

Muulizaji:
Haha pole dada. Na kivuko cha Pangani Haisi inaingia?

Mzee wa Raskazone:
Inaingia, kinabeba magari. Ila wahi, usiku usikitegemee.