Makasha matatu ya marehemu baba: wakfu wa utamaduni wataka nisaini. Nifanyeje?

KijanaWaKuze
Assalaam alaykum jamaa. Marehemu baba alikuwa karani bandarini Kilindini, lakini sisi nyumbani twajua kazi yake hasa ilikuwa kukusanya. Ameacha makasha matatu hapa Mji wa Kale: mashairi kwa herufi za Kiarabu (mengine kanunua, mengine katunga mwenyewe), picha za studio za miaka ya 50 na 60, santuri za taarabu, na leso za mama, jozi mia na kitu, kila jozi ina kikaratasi cha mwaka iliponunuliwa. Amefariki 1994. Tangu hapo hakuna aliyegawa wala kuhesabu.

Mwezi uliopita wamekuja watu wa wakfu mmoja wa utamaduni. Wastaarabu, hata picha wakishika kwa glavu. Wameacha fomu ya kurasa nne. Kifungu cha 5 chasema natoa "vitu vyote na haki zote, milele, bila masharti". Mimi moyo wangu wataka kusaini, maana mvua ya Mei tumekinga beseni saba chini ya dari. Dada yangu yuwasema afadhali viliwe na mchwa wetu wenyewe. Nishaurini.

BiMkubwa_Kibokoni
Mwanangu, kabla hujafika hicho kifungu cha 5, nakuuliza: ni vyako? Baba amekufa, vitu havikugawiwa, basi hivyo ni mirathi. Mama yako akiwa hai ana thumni yake, yaani moja ya nane, na nyinyi watoto mna mafungu yenu. Huwezi kutoa fungu la dadako kwa kalamu yako. Kaeni, mkubaliane, muandikiane. Mkishindwa, Kadhi yupo. Na leso kama mama alinunuliwa akapewa, hizo si za marehemu kabisa. Muulize yeye kwanza.

Mwanasheria_Mstaafu
Bi Mkubwa amemaliza nusu ya kazi. Nusu ya pili: karatasi ni kitu kimoja, haki ya kilichoandikwa ni kitu kingine. Mashairi aliyotunga baba yako, kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya 2001, yalindwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Yaani mpaka mwisho wa 2044 haki hiyo ni ya warithi. Waweza kuwapa karatasi wazitunze na haki ukabaki nayo, ukawaruhusu kuonyesha na kusomesha tu. Hilo "haki zote" ndilo la kukata. Mashairi aliyonunua ni mengine: kumiliki karatasi hakukupi haki ya mtungaji, kwa hiyo huwezi kuwapa wao usichokuwa nacho.

Yakhe_wa_Makadara
Beseni saba! Yakhe, hiyo si nyumba, ni jahazi linavuja 😂

Maalim_Sijui
Mimi laniuma neno lenyewe. Watu wasikia "wakfu" wakadhani ni wakfu ule wa msikiti na kisima. Wakfu wa sharia hauuzwi, haurithiwi, haupewi mtu zawadi. Huu wa utamaduni jina tu ni wakfu. Ni shirika lililoandikishwa, lina bodi, na bodi hubadilika. Likifungwa kesho, makasha yaenda wapi? Fomu yako yajibu hilo? Kama haijibu, usisaini.

Mtazameni Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Vitabu vyake adimu zaidi ya 8,000 viko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Nyumba yake ya Muthaiga, aliyoiuzia serikali ili iwe kituo cha utafiti, haikusalimika.

Nahodha_bila_Chombo
Nami nilimwazima mtafiti mmoja daftari la babu, "wiki mbili tu". Huu mwaka wa kumi na moja. Nilimpa kwa mkono, bila hata stakabadhi. Ukitaka kuona karatasi alizokusanya Taylor, yule mmisionari Mwingereza, hapa hapa Mombasa, pamoja na mashairi ya Muyaka, nenda chuo cha SOAS, London. Zimehifadhiwa vizuri, sikatai. Lakini nauli?

Stoo_ya_Makumbusho
Kuna njia ya katikati. Msikiti wa Riyadha kule Lamu, hati zao zilipigwa picha za kidijitali chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na hati zenyewe zikabaki Lamu. Waombeni hao wenu waanze hivyo, nyinyi mbaki na nakala kamili. Au muweke kwa amana ya miaka mitano, si hiba, yaani si zawadi ya moja kwa moja.

Huku nyuma, toeni vitu chini ya hilo dari leo. Msifunge karatasi kwenye mifuko ya nailoni, kwa joto la Mombasa zitatoa jasho na kushika koga. Pini na klipu za chuma ziondoeni, kutu yala karatasi. Santuri zisimame kama vitabu, zisilale. Na msianike leso juani.

Binti_wa_Sega
Mumesahau jambo. Kwenye hizo picha hakuna za siku ya kupamba bibi harusi? Bibi zetu walipigwa vichwa wazi, kwa macho ya wanawake wenzao. Wengine wangali hai, au watoto wao wako hai. Zisije zikatundikwa ukutani au intaneti bila ruhusa. Zitengwe, na masharti ya nani azione yaandikwe.

KijanaWaKuze
Ahsanteni sana. Binti wa Sega, zipo, ishirini na mbili. Moja ni ya mama mwenyewe. Ameitazama, akaitia kifuani mwa kanzu, akasema hii haiendi popote. Fomu nimeirudisha bila sahihi, nimewaandikia tuanze kwa amana na nakala. Hawajajibu. Dada amekubali kuhesabu, mradi daftari la hesabu alishike yeye. Jana tumefika leso ya 61. Swali moja: vile vikaratasi vya mwaka baba alivibandika kwa gundi, vimeanza kutia doa la manjano. Tuvibandue au tuviache?